Mwendo wa Fundi Pazia

"Dada, ngazi zimewekwa ili zipandwe, si ili zikaliwe."

Sauti ilitoka nyuma ya majora mawili ya kitambaa. Mwenyewe hakuonekana uso; ilionekana suruali ya kaki iliyopigwa pasi ikapigika, na viatu vinavyong'aa, kimoja kina soli nene kuliko mwenzake. Ilikuwa saa nne asubuhi. Jengo la maduka ya vitambaa lilikuwa limefurika, lifti imeharibika, na kila mwenye haraka zake alipita kwenye ngazi zile zile ambazo binti mmoja wa chuo alikuwa amezigeuza dawati.

"Samahani kaka. Pita," binti akasema, akizoa penseli zake.

"Nikipita nitakukanyaga. Nikikukanyaga utadai nikuoe."

"Thubutu!"

"Basi sogea, tusifike huko."

Akasogea huku anacheka. Mbeba majora, fundi wa mapazia kama alivyokuja kujua baadaye, akapanda. Mguu wake wa kushoto ulikuwa mfupi kidogo. Kila ulipotua, bega la kulia lilipanda na kidevu kikashuka, kama mtu anayeitikia jambo aliloambiwa. Alipanda ngazi zote anaitikia hivyo. Binti alikuwa anasomea katuni, zile zinazotembea na kusema, na kwa wiki tatu alikuwa hajapata mtu wa kumchora. Akatoa simu, akamrekodi kwa nyuma mpaka akapotelea kwenye kona.

Kosa lilianzia hapo. Nalisema mapema ili asije mtu akasingizia bahati.

Mwalimu wake, mama mmoja mkavu wa maneno, miwani muda wote iko utosini, alifundisha kwa mazoezi. Kwanza mpira unaodunda, wiki mbili mpira tu, mpaka darasa zima liamini kwamba mpira ule ni mzito. Kisha mfuko wa unga unaoruka mtaro. Hauna uso, hauna mikono, lakini mtazamaji ajue kuwa umeogopa. Zoezi la tatu lilikuwa mwendo.

"Msinichoree mtu," aliwaambia. "Mtu tu, hivi hivi, hayupo duniani. Kuna fulani. Nendeni nje mkamwibie fulani mwendo wake."

Kesho yake binti akarudi kwenye jengo lile, akamuulizia kijana wa majora, akaelekezwa duka la mapazia, orofa ya tatu. Alimkuta fundi ameinamia cherehani, futi imening'inia shingoni.

"Nataka pazia."

"Dirisha lako lina ukubwa gani?"

"Sijui."

"Unatafuta pazia na hulijui dirisha?"

"Ndiyo maana Mungu akaumba mafundi."

Jumamosi fundi alikwenda kupima. Binti alikuwa anakaa na dada yake katika vyumba viwili vya kupanga, na dada mtu ndiye aliyefungua mlango. Fundi alilitazama lile dirisha kwa muda, kisha akakunja futi yake.

"Shemeji," alimwambia dada mtu, bila aibu, "dirisha hili leso ingelitosha. Nani kanileta hapa?"

Dada mtu akacheka mpaka akakaa. Na hivyo ndivyo fundi alivyoanza kuzoeleka katika nyumba ile. Pazia lilishonwa siku moja, lakini aliliendea mara tano: leo pindo, kesho ndoano, keshokutwa kulitazama tu linavyoning'inia. Binti naye akawa anamsubiri kwa gauni lake la njano, lile la kutokea, huku akidai kwamba ndilo la kufulia.

Simu zao zilikuwa hazina mwisho.

"Umekula, mpenzi?"

"Nimekula. Wewe?"

"Nimekula nikakukumbuka, nikala tena."

"Mlafi wewe! Unanisingizia mimi."

Siku moja, katikati ya utani kama huo, fundi akaacha mzaha.

"Nikwambie kitu? Wewe ndiye mtu wa kwanza asiyeutazama mguu wangu. Watu wote huanza chini, ndipo wapande usoni. Wewe sijakuona ukiutazama hata siku moja."

Binti alikuwa mezani pake, simu sikioni. Ndani ya kompyuta yake mguu ule ulikuwa umechorwa picha ishirini na nne kwa kila sekunde. Aliujua kuliko mwenyewe alivyoujua. Angesema siku ile, pengine wangecheka wote. Alisema, "Nakupenda," na ilikuwa kweli, lakini haikuwa jibu.

Dada yake alijua.

"Umemwambia?"

"Nitamwambia."

"Mdogo wangu, jambo linalongoja kesho huoza. Mwambie."

"Sasa nimwambieje, dada? Kwamba nilimfuata kwa sababu anachechemea?"

"Ndivyo ilivyokuwa?"

"Siku ya kwanza tu. Ya pili nilimfuata yeye."

"Basi mwambie hivyo hivyo."

Hakumwambia. Alipeleka zoezi kwa mwalimu. Mwalimu akashusha miwani, akaliangalia mara nne.

"Una jicho. Lakini umemwonea huruma huyu bwana. Tia chumvi. Katuni bila chumvi ni picha ya kitambulisho. Aliyekaa kiti cha mwisho naye aone."

Akatia chumvi. Bega alilipandisha mpaka sikioni, kidevu akakishusha mpaka kifuani. Akamchora mtu tofauti kabisa, tumbo kubwa na kofia, ili asitambulike, akambebesha mzigo unaomzidi kimo. Alipata alama za juu kuliko wote. Akadhani yameishia kwa mwalimu.

Mwisho wa mwaka chuo kilialika wazazi na marafiki. Binti alikuwa na zoezi jipya, bibi anayezungumza na simu iliyokatika, na alijua hilo ndilo litakaloonyeshwa. Akamwalika fundi. Fundi alivaa koti la kijivu alilojishonea mwenyewe, akakaa mstari wa pili karibu na shemeji yake, akimwambia kila aliye jirani, "Mchumba wangu yumo."

Taa zikazimwa. Bibi akaonyeshwa, watu wakapiga makofi. Kisha mwalimu akasimama. "Na hili sikuweza kuliacha," akasema, "ndilo zoezi bora la mwaka." Ukutani akatokea mtu mwenye tumbo na kofia, anapanda ngazi na mzigo wake.

Ukumbi ulilipuka kwa kicheko. Fundi naye alicheka. Alicheka kwa sauti, akampigapiga shemeji yake begani. Kisha mtu wa ukutani akaitikia kwa kidevu, mara moja, mara mbili, na fundi akaacha kucheka. Hakutambua tumbo wala kofia. Alijitambua yeye.

Alisimama. Kutoka mstari wa pili mpaka mlangoni kulikuwa na mwendo mrefu, na nyuma yake mwanga wa ukuta ulikuwa bado unatembea. Watu wakamwona, wakautazama ukuta, wakamtazama tena yeye. Kicheko kikafa mstari baada ya mstari. Hakuna aliyekusudia ubaya mle ndani, lakini kunyamaza kule kulimuumiza kuliko kicheko.

Binti alipiga simu siku ile, na ya pili, na ya tatu. Iliita mpaka ikakatika. Siku ya tano alipanda mpaka orofa ya tatu. Kwenye cherehani alikuwa mama yake fundi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Hayupo. Kaa."

Akakaa. Mama akamaliza pindo, akakata uzi kwa meno.

"Mwanangu nilimfundisha kutembea mara mbili," akasema. "Mara ya kwanza kama watoto wote. Mara ya pili alipokuwa na miaka sita, ugonjwa ulipomwacha. Tangu hapo hajawahi kuniuliza chochote kuhusu mguu wake. Juzi kaniuliza, 'Mama, kwani mimi natembeaje?' Mtu wa miaka thelathini."

Binti alilia palepale, mbele ya wateja, bila hata kujifuta. Mama hakumbembeleza, lakini hakumfukuza.

Jioni ile fundi akapiga simu mwenyewe.

"Nasikia umemlilia mama."

"Nisamehe. Nimelifuta. Nimemwambia mwalimu afute na alama."

"Ungeliacha. Ni kazi nzuri. Nilijiona hasa."

"Nisamehe, mpenzi wangu."

"Nimekwisha kukusamehe. Nilitaka nikuchukie nikashindwa."

Wakarudiana. Ningependa kuishia hapa, na wapo wanaoishia hapa. Jumapili walitoka pamoja, binti na gauni lake la njano, fundi na shati jeupe. Lakini fundi alisimama kwenye kila dirisha la duka, akasifia vitu asivyovitaka. Kwenye kivuko cha barabara akasema, "Tangulia, nakuja." Alipotembea alikuwa amelikaza lile bega, kidevu amekishikilia juu kwa nguvu, jasho linamtiririka. Mwendo wake ulikuwa umekwisha kabisa. Binti aliona yote hayo, kwa sababu alifundishwa kuona, na fundi alijua kwamba anaona.

Walivumilia miezi miwili hivyo. Kisha ikaja kazi ya mapazia ya hoteli nzima, mji wa mbali, na fundi akaikubali kabla ya kumwambia.

"Utarudi lini?" binti aliuliza kwenye kituo cha mabasi, mchana kweupe, watu wanagongana na mabegi yao.

"Sitakudanganya."

"Nitaacha kuchora. Leo hii. Nitasomea kitu kingine."

"Penseli utaiacha. Macho utayaweka wapi?" Akamfuta chozi kwa kidole gumba. "Sikiliza. Nikiwa peke yangu nasahau, natembea. Nikiwa na wewe najiona. Nakupenda, lakini nimechoka kujiona."

"Mimi nakuona wewe mzima."

"Najua. Ndilo linaloniuma."

Dereva akapiga honi. Fundi akachukua begi lake. Kutoka pale waliposimama mpaka kwenye mlango wa basi zilikuwa kama hatua thelathini, uwanja wazi, hakuna pa kujificha.

"Nifanyie jambo moja," akasema. "Geuka."

Binti akageuka, uso kwenye ukuta wa kituo. Hatua za fundi zikaanza kwa uzito na hesabu, kisha polepole zikalegea, zikaenda zinavyotaka. Kila kitu mwilini kilimvuta atazame. Akafumba macho, akayaziba na kwa viganja. Mlango wa basi ukafungwa, injini ikanguruma, likaondoka.

Simu ikalia.

"Umenitazama?"

"Sikukutazama."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo, mpenzi."

"Asante," fundi akasema. "Leo nimetembea vizuri."

Kisha akakata. Binti hakupata kusema lolote zaidi, na lile gari hakuliona lilipita upande gani.