Bibi Viraka Anataka Mji

Nilifika kwa shangazi jua likizama, mfuko wa machungwa mkononi, uongo mdogo kinywani. Nilisema nimekuja kumjulia hali.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Machungwa ya nini na meno sina?" Akayapokea hata hivyo. "Haya, sema ulichofuata."

Nilifuata kanda.

Miaka ishirini na minane iliyopita, shangazi yangu alikuwa mkono na sauti ya Bibi Viraka, kikaragosi wa kipindi cha watoto kilichoonyeshwa kila Jumamosi kwenye televisheni. Kikongwe wa vitambaa. Macho yake yalikuwa vifungo viwili, kimoja kikubwa kuliko kingine. Alikaa juu ya meza, shangazi akijificha chini yake, na watoto walikaa sakafuni wakitegewa vitendawili. Aliyeshindwa alitoa mji, kama sote tulivyofanya utotoni: unataja mji wowote, mtegaji anaupokea, anajidai amefika huko, amekula na kunywa, kisha anatoa jibu.

Mchezo tu.

Sasa mimi na mwenzangu, tunayemwita Injinia, tulikuwa tunatengeneza gemu ya mafumbo ya kutisha, yenye sura ya vile vipindi vya zamani. Yeye alichora na kuandika programu. Mimi nilishughulikia sauti. Injinia aliitaka kanda ile kwa sababu ya Bibi Viraka. Mimi niliitaka kwa sababu ya mdogo wangu.

Tulimwita Kidole, kwa udogo wake. Alikuwa na miaka sita alipopelekwa kwenye kipindi. Alishindwa kitendawili, akaombwa mji, na hakujua mji hata mmoja. Akasema, "Nakupa nyumbani kwetu." Watu wakacheka. Muda ukaisha, muziki ukapigwa, jibu halikutolewa.

Jioni ile alisimama mlangoni kwetu akapiga hodi. Mama akamwambia, ingia, mjinga wewe. Akaingia kama mgeni. Akakaa ukingoni mwa kiti. Wakati wa kulala ulipofika, alimshika mama mkono.

"Mama, sasa twende nyumbani."

Alisema hivyo kila usiku, miezi miwili mizima. Sisi alitujua, sote, kwa majina. Nyumba ndiyo hakuijua. Kisha siku moja akatoka kwenda kuitafuta mwenyewe.

Hatukumwona tena.

Baba alikufa akimtafuta. Mama hakubali kuhama, wala kupaka kuta rangi mpya, mtoto asije akaipita nyumba.

"Shangazi," nilisema, "jibu la kile kitendawili lilikuwa nini? Mji ulichukuliwa, jibu halikutoka. Likitoka, pengine atarudi."

"Silijui."

"Si ulikitega wewe!"

"Punguza sauti."

Alifungua droo ya cherehani. Harufu ya naftalini ikapanda. Naftalini, na chini yake harufu nyingine, kama ya nguo zilizoanikwa zikiwa bado na sabuni. Akatoa kanda.

"Siku ile koo langu lilikuwa limekauka," alinong'ona. "Nilishindwa hata kuomba maji. Mwongozaji akasema tutapiga sauti ya kipindi cha nyuma kwenye mashine, mimi nichezeshe mkono tu."

"Basi ilikuwa mashine."

"Mashine haikuwashwa, mwanangu. Na mkono wangu…" Aliutazama. "Nilikuwa nimeutoa. Nilikuwa chini ya meza, nimeshika kikombe cha maji kwa mikono yote miwili."

Nje mtu alipita akipiga mluzi. Tulingoja apite.

"Chukua. Lakini mtu asimpe kitu tena. Hata kwa utani. Umenisikia?"

Nilimsikia. Nataka ieleweke kwamba nilimsikia vizuri sana.

Saa mbili nilikuwa karakanani kwetu, chumba kimoja juu ya duka la kinyozi. Injinia alikuwa anakula karanga juu ya kibodi.

"Mama Sauti! Umemleta bibi yetu?"

"Nimemleta. Futa mikono."

"Hajaingia ameshaanza kunifokea. Huyu na mke wangu ni mtu na dada yake."

Alikuwa na mke anayecheka kwa sauti kubwa, na mabinti pacha wa miaka mitano waliomchorea Bibi Viraka na masharubu. Mchoro ule aliubandika ukutani, juu ya skrini yake.

Niliisikiliza kanda peke yangu, hedifoni masikioni. Mvumo. Mikwaruzo. Kisha ile sauti, kavu, isiyo na pumzi:

"Wakinijaza nalia, wakiniacha tupu nalia zaidi."

"Tumbo!" akajibu Kidole, kwa furaha kabisa.

Nilivua hedifoni. Nikazivaa tena.

Nilikata vipande vitatu tu kutoka kwenye kanda. Neno "Kitendawili." Kitendawili chenyewe. Na "Nipe mji." Injinia akaviweka kwenye gemu. Kwenye skrini akatokea bibi aliyemchora, mezani, kwenye picha yenye chengachenga. Mchezaji alipaswa kujibu kwa kuongea kwenye maiki.

"Kitendawili," akasema Bibi Viraka.

"Tega," nikasema.

Akatega. Nikajaribu tumbo, ngoma, mtungi. Kila jibu, kile kifungo kikubwa kiligeuka kidogo.

"Hiyo ya jicho umeiweka lini?" nikauliza.

"Mimi? Nilidhani ni mambo yako."

"Nipe mji."

Bibi Viraka alikuwa anangoja. Nilisogelea maiki.

"Nakupa nyumbani kwetu."

Mvumo wa kanda… ingawa kanda tulikuwa tumeshaitoa kwenye mashine. Halafu ile harufu ya nguo mbichi.

"Huo ninao."

Injinia aliacha kutafuna. "Hicho kipande ulikikata?"

Nilitazama orodha ya sauti. Vipande vitatu.

Hapo ndipo nilipaswa kuzima. Swichi ilikuwa karibu na goti langu. Lakini nilikuwa nimeisikia sauti ya mdogo wangu kwa mara ya kwanza tangu nikiwa na miaka tisa, na jibu lilikuwa hatua moja mbele, na mimi sikuwa na nyumba nyingine ya kutoa.

"Kitu kimekwama tu," nilisema. "Jaribu wewe. Sema, nakupa nyumbani kwangu."

"Na mama mkwe aliyemo ndani pia?" Akacheka. Akainama kwenye maiki. "Bibi, nakupa nyumbani kwangu. Chukua na mama mkwe."

Bibi Viraka akafungua mdomo. Hatukuwa tumemchorea mdomo wa kufunguka.

"Nimefika. Nimekula. Nimekunywa. Nimelala."

Kile kifungo kikubwa kikageuka tena.

"Jibu ni nyumba."

Skrini ikazima.

Nyumba. Ikijaa, makelele. Ikibaki tupu, mwangwi. Neno lilikuwa kinywani mwa Kidole tangu mwanzo, akalitoa mahali pasipo pake. Nilitaka kucheka, nikajikuta nalia.

Simu yangu ikaita. Mama.

"Njoo," alisema. "Yuko jikoni. Amepita moja kwa moja jikoni."

"Nani, mama?"

"Njoo tu."

Nilikusanya vitu vyangu kwa pupa. Injinia alikuwa amesimama kwenye ngazi, mkoba begani, akitazama mtaa kushoto na kulia.

"Hivi," alisema, "nikitoka hapa naelekea wapi?"

"Nyumbani, bwana. Acha utani."

"Ndiyo. Nyumbani." Akajikuna kichwa, akitabasamu kwa aibu. "Ni upande upi?"

Hakuwa anatania.

Nilimpeleka. Hatua mia tatu, na njia nzima alisifia nyumba za watu. Mkewe alifungua mlango. Injinia alimtambua mara moja, akamkumbatia, akawabeba mapacha mmoja huku mmoja kule. Kisha akachungulia sebuleni, akashusha sauti.

"Mnafanya nini kwa watu usiku huu? Watoto, vaeni viatu. Twende nyumbani."

Mkewe alicheka kile kicheko chake kikubwa. Mapacha nao wakacheka. Mimi niliaga haraka.

Kwetu, mwanamume mwenye ndevu alikuwa amekaa kwenye kigoda, anakula kwa mkono, viatu vyake havifanani. Mama alikuwa anamgusa sikio, akilitafuta kovu fulani, akalipata. Kidole aliniambia miaka yote alikuwa akipita mtaani kwetu. Alipita mara nyingi sana. Aliona uwazi tu kati ya nyumba mbili.

Injinia alivumilia majuma matano. Juzi mkewe alikuja kwetu, asubuhi, kitambaa kimefungwa ovyo kichwani.

"Wifi, ameondoka. Ameacha barua kwamba akiipata nyumba atakuja kutuchukua." Alikuwa amepauka. "Niambie ukweli. Usiku ule mlifanya nini huko?"

"Kazi tu, wifi."

"Daktari hajaona kitu. Nikasema wewe ndiye uliyekuwa naye, pengine unajua dawa. Chochote. Nitafanya chochote."

Nyuma yangu Kidole alikuwa anamsimulia mama jambo, na mama anacheka. Mwanamke yule alinyoosha shingo akawatazama. Tangu juzi najiuliza aliona nini usoni mwao, maana alifuta macho na kujaribu kutabasamu.

"Ninyi angalau mmekamilika," alisema.

Kanda iko kabatini mwangu. Nyumba ya Kidole ilirudi baada ya mwingine kutoa yake. Ya Injinia nayo itarudi hivyo hivyo, nadhani. Anahitajika mtu mmoja tu, wa kucheka karibu na maiki. Na yule mwanamke amesema atafanya chochote, lakini nyumba yake imeshachukuliwa, na nyumba yetu, tangu usiku ule, naogopa kwamba imekuwa yetu tena. Ninaweza kuitoa.

"Sijui dawa, wifi," nilimwambia. "Mungu ni shahidi, sijui."

Akashukuru. Akashuka ngazi za baraza taratibu, akiwaita mapacha waliokuwa wakimngoja kando ya barabara, kila mmoja na viatu vyake mkononi.