Nambari Tisa Hajakosa Hata Siku

"Nani anapiga pasi mashine ya tisa?"

Karani aliuliza hivyo mwisho wa mwezi, karatasi mkononi, akiwa mlangoni mwa chumba cha pasi cha kiwanda kinachofua mashuka ya hoteli. Wanawake wanane waliinamia mashuka yao, na pasi nane za mvuke zikapumua moja baada ya nyingine, pss, pss, mpaka ya nane. Kisha ikapumua ya tisa, kule ukutani, mahali pasipo na mashine.

Karani huyo wenzake walimwita Asilimia, maana ndiyo kazi yake. Siku alizokosa mtu, gawanya kwa siku za kazi, zidisha kwa mia: hicho ndicho kiwango cha utoro. Saa ambazo mikono yake ilifanya kazi kweli, gawanya kwa saa alizotakiwa kuwepo: hayo ndiyo matumizi ya muda. Mashine ya alama za vidole mlangoni ilimhesabia mtu hata dakika za chooni.

Kwenye karatasi ya mwezi huo, nambari tisa haikuwa na jina. Siku za kazi ishirini na sita, alizokosa sifuri. Saa mia mbili na nane, zote kazini. Hakunywa maji huyo, wala hakupiga chafya.

"Huyu sasa ndiye mfanyakazi!" meneja alisema, na hata hakuuliza ni nani. "Mbandike ukutani wamwone. Aliyezidi asilimia kumi ya utoro, Jumatatu asije."

Mama mdogo wake karani, mmoja wa wale wanane, alikuwa na kumi na moja nukta tano. Siku tatu kati ya ishirini na sita, alizokesha na kushinda na binti yake wa miaka sita aliyewaka homa. Naomba mtu anieleze, homa ya mtoto inaingia safu gani ya karatasi ile? Safu ya uvivu?

"Asilimia, mwanangu, nipunguzie basi," mama mdogo alimnong'oneza, akicheka kicheko cha mdomoni tu. "Si wewe unayezidisha kwa mia? Leo zidisha kwa hamsini."

"Mama mdogo, hesabu hainijui mimi."

Jumatatu karani alifungua karatasi ili aandike jina la kuondoka, akakuta zile siku tatu zimejaa. Kuingia saa mbili kamili, kutoka saa kumi na moja, matumizi ya muda asilimia mia. Utoro, sifuri. Hakuwa ameigusa. Na karatasi ilinuka kitambaa kilichounguzwa na pasi.

Jioni hiyo alikwenda kwa mama mdogo. Binti alikuwa amesimama mlangoni, macho yamevimba.

"Dada, mama bado hajarudi."

Nyuma yake, kitini, alikuwa amekaa mama yake. Mikono ilikwenda mbele na nyuma juu ya mapaja, kama inanyoosha shuka. Mtoto akampita, akainama kuchukua ndala zake chini ya kiti kilekile, akarudi mlangoni kungoja.

"Hanioni tangu jana," mama mdogo alisema kwa sauti ndogo sana. "Nikimshika anasema anasikia baridi."

"Umefanya nini, mama mdogo?"

"Kuna mtu alinisemesha kando ya pasi. Akaniambia, nipe siku zako za nyumbani, nami nitakupa za kazini. Nikadhani ni uchovu. Nikamwambia, chukua."

Mganga waliyemwita alikuwa mwanamke wa miwani na ulimi mkali. Hakuwasha hata ubani.

"Jini hili halitaki kuku. Limeshalipa, sasa linakula. Akose kazi siku moja, kwa hiari yake, asiweke kidole hata mara moja."

"Nitafukuzwa!"

"Basi chagua pa kukosa, mama."

Asubuhi iliyofuata, kwa mama mdogo, karani alifunga mlango na kutia ufunguo kifuani. Saa mbili kasoro dakika kumi, dole gumba la mama mdogo likaanza kupapasa ukuta lenyewe, likitafuta pa kugusa. Saa mbili kamili mlango ukagongwa, na harufu ya kuungua ikaingia kwa chini, na kule nje, katika jua kali la asubuhi ambamo majirani walikuwa wakianika nguo bila kusikia lolote, sauti ya mtoto ikalia, mama nifungulie, mama naungua, mama mbona umeniacha, ikalia hivyo mpaka mama mdogo akainuka na kumkwida karani shingoni akidai ufunguo.

Binti, aliyeketi kitandani na kikombe chake cha uji, akauliza, "Dada, nani huyo anaongea kama mimi?"

Mama mdogo aligeuka akamtazama. Akatazama mlango. Akaachia shingo, akakaa sakafuni, akalikalia dole lake kwa uzito wake wote.

"Leo siji," aliuambia mlango. "Nimesema siji."

Nje kitu kikapumua mara moja, pss, kirefu. Kisha kimya.

"Mama!" Kikombe kikaanguka. "Kumbe uko hapa?"

Mama mdogo alifukuzwa saa sita mchana, kwa ujumbe wa simu wenye mistari miwili. Aliusoma mtoto akiwa mapajani, akaizima simu.

Kesho yake karani alikwenda kiwandani kuchukua vitu vya mama mdogo. Meneja alikuwa anachekelea karatasi: wafanyakazi saba, utoro sifuri, wote saba. Karani akakimbilia chumba cha pasi, akawaita mmoja mmoja, shangazi, dada, mama fulani. Hakuna aliyeinua kichwa. Pasi zilipumua pamoja kama kifua kimoja.

Wale saba wana nyumba, na nyumba zina watoto wanaongoja mlangoni. Kama mmoja wao ni ndugu yako au jirani yako, nakuomba: kesho mzuie asiende kazini. Siku moja tu.