Ukuta Uliokataa Kukauka

Siku ya tatu baada ya kupigwa plasta, ukuta wote wa nyuma ulikuwa umeshageuka kijivu cheupe kama inavyotakiwa, isipokuwa mahali pamoja, upana wa sahani, chini kidogo ya dirisha la chumba cha mtoto. Hapo palikuwa pabichi. Jua lilipiga ukuta huo tangu asubuhi mpaka alasiri, na bado palikuwa pabichi. Fundi akaweka kiganja. Pakamrudishia joto, na halikuwa joto la jua. Lilikuwa joto la shingo ya mtu mwenye homa.

Akautoa mkono upesi na kuufuta kwenye suruali.

"Vipi shemeji, ukuta umekung'ata?" akauliza mwenye nyumba, ndoo mkononi.

"Bado unakunywa maji tu," fundi akasema. "Matofali yako yana kiu kama wewe mwenyewe."

Wakacheka, lakini fundi alicheka kwa mdomo tu.

Nyumba ilikuwa ya dada yake mkubwa na mumewe. Matofali ya kuchoma yalikuwa yamekaa uchi miaka sita, mvua ikiyamega kidogo kidogo, na fundi alimwahidi dada yake kwamba safari hii atayavalisha. Mtaani walimwita Nyuzi, kwa sababu ukuta wake ulinyooka kama uzi uliovutwa. Mungu alimjalia mkono, naye akamsahau Mungu, akabaki kuusifu mkono.

Ukuta wa matofali huwa na matundu, yale ya kupitishia miti ya jukwaa la kusimamia. Plasta huanzia juu ikashuka. Kila jukwaa linaposhushwa, mti huchomolewa na tundu huzibwa kwa kipande cha tofali na sementi. Mzee aliyemfundisha kazi alikuwa na sharti moja: usizibe tundu kabla ya kupitisha kijiti, kuchungulia, na kusema, "Aliye humu atoke kwa amani, tunafunga." Kisha unahesabu mpaka ishirini. Maana matunduni hukaa popo, hukaa nyuki, na hukaa wengine ambao Mungu mwenyewe ndiye anayewajua. Nyuzi alifuata sharti hilo mwaka wa kwanza. Mwaka wa pili vibarua walimcheka kwamba anabisha hodi ukutani, akaona haya, akaacha. Nani kati yetu hajawahi kuacha jema kwa kuogopa kuchekwa?

Na kwenye tundu lile la chini ya dirisha, tuseme ukweli, alisikia. Wingu lilikuwa limetanda, sementi imeanza kukaza kwenye karai, na kutoka ndani ya tundu ikaja pumzi ndefu, kama ya mtu anayejigeuza usingizini. Alisita. Akatazama wingu. Kisha akakisukuma kipande cha tofali, akapiga mwiko, akalainisha. Hakumwambia mtu.

Sasa mtoto wa dada yake, binti wa miaka sita, waliyemwita Kasuku kwa jinsi asivyofunga mdomo, alikuwa amenyamaza tangu siku ile ile. Alikaa kitandani, kitanda kilichoegemea ukuta ule, akitazama mahali pamoja.

"Kasuku wa mjomba, leo umemeza ulimi?" Nyuzi akamwuliza dirishani.

Mtoto akageuza shingo taratibu. "Mjomba, kuna mtu ananinywea hewa yangu."

"Mtu gani?"

"Yuko hapo." Akaonyesha ukuta. "Anasema na yeye alikuwa nayo."

 Nyuzi akajifanya hakusikia vizuri, akaenda kuchota maji, kwa sababu plasta mpya hunyweshwa asubuhi na jioni kwa siku saba ili isipasuke. Akaanza kumwagia kutoka kona ya kushoto, akasogea, akamwagia tena, na alipofika kwenye lile doa bichi na kwa mara ya kwanza kulimwagia kopo zima, ndani ya nyumba dada yake akapiga yowe.

"Mtoto! Jamani, mtoto anazama!"

Wakakimbilia ndani. Kasuku alikuwa amekaa kitandani, macho yamemtoka, mikono ikipapasa shingo, akitapatapa kama mtu aliyezamishwa kwenye pipa, na mdomoni mwake yakatoka maji, maji machafu ya kijivu yenye harufu ya sementi mbichi. Mama yake akamwinamisha na kumpiga mgongoni. Hewa ikamrudia kwa sauti nyembamba, kama filimbi.

"Amekunywa maji saa ngapi?" baba akauliza.

"Hajanywa chochote! Tangu asubuhi niko naye mimi!"

Nyuzi alikuwa amesimama mlangoni, kopo tupu mkononi, likidondosha matone sakafuni. Alijua. Na hakusema.

Wakampeleka hospitali. Daktari akasikiliza kifua, akapiga picha, akasema mapafu ni masafi kabisa, akawapa dawa ya kikohozi. Siku mbili mtoto akazidi kufifia. Kwenye midomo yake palifanyika ukungu wa vumbi jeupe, mama yake akiufuta, unarudi. Na mtu akitega sikio kwenye ukuta wa chumba kile, hata mchana kweupe watu wakipita barabarani, alisikia kucha, taratibu, zikikwaruza kutoka upande wa ndani wa tofali.

"Mdogo wangu," dada yake akamnong'oneza jikoni, "hicho ni kitu gani ukutani?"

"Panya, dada."

"Panya ndani ya tofali?"

Nyuzi akachukua mwiko wake, akatoka nje.

Siku ya sita dada akamwita mshonaji wa mashuka wa mtaa wa pili, mjane mnene mwenye tepu ya kupimia shingoni, ambaye watu walimfuata awaombee kwa sababu dua zake hazikuwa na makelele. Alikuja saa tisa alasiri, vipande vya nyuzi vimemnata kwenye gauni. Hakuomba kitambaa wala ubani. Alimtazama mtoto, akanusa midomo yake, kisha akatoka nje, akazunguka nyumba, na kusimama mbele ya lile doa bichi.

"Hapa palikuwa na tundu. Nani aliliziba?"

"Mimi, mama," Nyuzi akasema.

"Ulichungulia kwanza?"

"Nilichungulia."

Neno lilikuwa halijamalizika mdomoni mwake, doa bichi likatanuka. Wote waliokuwa pale, Nyuzi, shemeji yake, mshonaji, na dada aliyembeba mtoto, waliliona likienda, kutoka upana wa sahani mpaka upana wa sinia, kama doa la mafuta kwenye karatasi, na mtoto akakakamaa mikononi mwa mama yake.

"Midomo inakuwa myeusi! Mama, midomo yake!"

Mshonaji hakupandisha sauti. "Nakuuliza tena, mwanangu. Safari hii jibu ukijua Mungu anasikia, na huyu wa ukutani anasikia pia."

Nyuzi akapiga magoti kwenye mchanga uliobaki wa kazi. "Sikuchungulia. Nilisikia mtu anapumua. Nilimsikia kabisa, nikaziba, kwa sababu mvua ilikuwa inakuja na sementi ingeniharibikia. Nimemzika akiwa hai. Nimeona mtoto anakufa siku zote hizi nikanyamaza, niliogopa mtasema Nyuzi analipua kazi."

Shemeji yake akamtazama kama mtu asiyemfahamu. Dada yake akasema neno moja tu: "Ulijua?"

"Haya baadaye," mshonaji akasema. "Aliyezibiwa hutafuta pumzi kwa aliye karibu naye, na mtoto huyu analala kichwa kikiwa hapo. Aliyefunga ndiye anayefungua. Chukua nyundo."

Akachukua nyundo na patasi. Plasta ilikuwa imeshashika, akapiga, ikaruka vipande, akapiga tena, na kadiri alivyochimba ndivyo harufu ilivyozidi, harufu ya kisima kilichofunikwa muda mrefu, na ndivyo kukwaruza kulivyokaribia, sasa si kwa taratibu bali kwa pupa, kwa mikono miwili, hata ikawa patasi inapigwa huku na kucha zinapigwa kule, wakikutana katikati kama mafundi wawili wanaochimba shimo moja, naye, jasho likimwingia machoni, akisema kwa sauti ya kunong'ona yale maneno aliyoyaacha miaka mingi, aliye humu atoke kwa amani, aliye humu atoke kwa amani, mpaka kipande cha tofali kikalegea, kikazunguka chenyewe bila kuguswa, kikaanguka miguuni pake.

Tundu likatazamana naye, jeusi.

Kisha kitu kikapita. Hakuna aliyekiona. Kilipita kando ya sikio la Nyuzi, baridi na laini, kama shuka iliyoloa inayovutwa kutoka kwenye kamba, na kilipopita kilisimama kidogo, sikioni, kikavuta hewa ndefu sana.

"Tumekukosea," mshonaji akasema, ameinamisha kichwa. "Nenda, usitulipizie. Mungu ni shahidi tumekufungulia."

Majani ya uani, nyuma ya nyumba, yakainama kwa mstari, moja baada ya jingine, mpaka barabarani. Na Kasuku akavuta pumzi, akakohoa, akavuta tena, akalia kilio kikubwa cha mtoto mzima. Mama yake akakaa chini pale pale, akalia naye.

Nyuzi alikiokota kipande cha tofali. Upande uliokuwa ndani, kwenye sementi iliyoganda, palikuwa na michirizi ya vidole, vyembamba na virefu, na kila mchirizi ulikuwa umechimbwa mara nyingi.

Mshonaji alikuwa anakung'uta nyuzi kwenye gauni lake. "Hili ni tundu moja," akasema. "Umefanya kazi hii miaka mingapi bila kuchungulia?"

"Kumi na tisa," Nyuzi akajibu. Kisha ndipo akaelewa alichoulizwa.

Hakulala. Asubuhi alikwenda nyumba aliyoimaliza kabla ya ile, mwaka uliopita, ukuta uliokuwa fahari yake, uliopakwa rangi ya maziwa, ambao watu walisimama barabarani kuusifu. Akabisha. Mama mmoja wa makamo akafungua.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Heee, si wewe fundi wetu! Karibu. Ukuta wako haujapasuka hata kiasi cha unywele, marehemu aliusifu mpaka mwisho."

"Marehemu?"

"Mume wangu. Kifua, baba. Kilimbana tu ghafla, mtu mzima wa afya zake." Akaegemea fremu ya mlango. "Na mimi tangu nihamie upande wake wa kitanda..." Hakumaliza. Alisimama mdomo wazi, akiisubiri hewa, ikaja nusu.

"Mama, toka nje. Kaa barazani, usirudi chumbani. Nipe nyundo."

Akazunguka nyuma. Ukuta ulimeremeta kwenye jua, umenyooka, mlaini, umekauka zamani, rangi moja kutoka kona mpaka kona. Hapakuwa na doa. Alijua alikuwa amefunga matundu kumi na mawili kwenye ukuta ule, na alikuwa ameyafunga vizuri sana. Jicho la mtu, hata lake mwenyewe, lisingeweza kujua yalikuwa wapi.

Akaweka sikio kwenye kona ya kwanza na kugonga. Kimya. Akasogea hatua moja, akagonga. Kimya. Barazani, nyuma yake, alimsikia mama akivuta pumzi, naye akahesabu, akisubiri mama aitoe.