Viganja Juu ya Taa

Taa ya nyuma iliwaka vizuri uani, ikawaka vizuri kwa fundi Ratemo, lakini barabarani watu walisema haionekani.

Pikipiki ilikuwa ya marehemu Kiplimo, mdogo wa Kipkurui. Jioni moja ya ukungu, mwaka wa tisini na sita, trekta la majani chai lilimgonga kwa nyuma kwenye kona chini ya kijiji cha Sosiot. Pikipiki haikuwa na taa. Kipkurui alimzika bila chozi. Watu walidhani ni ujasiri, kumbe ndani palikuwa pamekufa ganzi. Alipotaka kupeleka maziwa kwa pikipiki hiyo, mkewe Rodah alisema, "Hupandi hiyo kitu bila taa." Ratemo akafunga taa kubwa mbele, nyekundu nyuma, na riflekta pembeni.

Wiki hiyo hiyo Opiyo, dereva wa lori la maziwa, alimsimamisha.

"Bwana, si uweke taa! Nimebakisha kidogo nikumalize."

Kipkurui akageuka. Taa ilikuwa inawaka. Akakigusa kioo chake. Hakikuwa na joto. Kilikuwa baridi na chepechepe, kama mkono wa mtu aliyetoka mtoni. Harufu ya majani chai yaliyopondwa ikamjaa puani, imechanganyika na damu. Akapangusa vidole kwenye suruali, akaenda zake.

Kesho yake jioni Rodah alimngoja langoni. Akamvuta kando, akanong'ona, "Umebeba nani?"

"Mikebe ya maziwa tu."

"Kuna mtu alikuwa amekaa juu ya mikebe. Amekupa mgongo. Ameinama, amefunika taa na mikono mbili."

"Ni Kiplimo?"

"Kiplimo nimempikia miaka mingi, ningemjua. Huyu vidole zake zinazunguka taa mara mbili."

Asubuhi wakampeleka konani Kogo Sellah, bibi aliyejua kusema na vitu vya namna hiyo hata baada ya kubatizwa. Alimwaga maziwa mabichi ardhini, akaichapa pikipiki kwa matawi ya senetwet, mti wa kusafishia vibuyu, akakemea kwa jina la Yesu na kwa majina ya wazee. Kitu kikalia ndani ya chuma, kikanyamaza. Kioo cha taa kikapata joto.

"Imetoka kwa pikipiki," Kogo akasema. Kisha akamkazia macho Kipkurui. "Lakini wewe, mtoto yangu, lilia ndugu yako leo. Nyumba haina moto, kila kitu inaingia."

Kipkurui alijaribu. Hakuna kilichokuja.

Jioni ile aliteremka konani katika ukungu, taa zote zikiwaka, na Opiyo aliyekuwa akimfuata akapiga honi kumjulisha kwamba sasa anamwona, na taa kubwa ikafungua barabara mpaka kwenye michai, ikaonyesha trekta likipanda, na Kipkurui akaanza kusogea pembeni, ndipo harufu ile ikaja karibu kuliko siku zote, na viganja viwili vya baridi vikatokea nyuma ya kichwa chake, vikamfunika macho taratibu, vidole vikizunguka na kuzunguka.

Trekta lilipiga honi. Opiyo naye akapiga. Kipkurui hakupiga kelele. Alishika usukani gizani, akasubiri hofu ije.