Nusu ya Ajali

Haya sikuyasikia kwa mtu msibani. Nilikuwepo, na mwiko wa sufuria ulikuwa mkononi mwangu.

Yalianza mwaka jana, 1991, hapa hapa Gikondo, nyumbani kwa mdogo wangu Léonce na mkewe Générose. Mimi naitwa Mukarugwiza. Ni dada mkubwa, mjane, sina mtoto, na Générose hakuniacha nisahau lolote kati ya hayo. Mbele za watu aliniita wifi. Tukibaki wawili aliniita mgeni wetu wa kudumu, tukacheka wote. Nilikuwa nacheka sana siku zile.

Léonce alipeleka dawa kwa pikipiki, kutoka bohari moja ya Gikondo hadi maduka ya dawa ya mjini na majumba ya matajiri ya Kiyovu. Kazini walimpa helmeti nyekundu, nzuri. Akaivaa kwenye kiwiko, kana kwamba akili zake zilikuwa huko. Nilimsema, mkewe akamsema. Alijibu kwamba inamharibia nywele, na kwamba tangu vita ianze kule kaskazini vizuizi vya askari vinamchelewesha, kwa hiyo lazima afidie kwa mwendo.

Jumanne moja, saa nne asubuhi, jua zuri kabisa, alikata kona pale njia panda ya Sonatubes juu ya mchanga uliomwagika kutoka kwenye lori. Pikipiki ililala ikamburuta. Mguu wa kushoto ukavunjika mara mbili chini ya goti. Kichwa kilipona kwa sababu kiliangukia katoni ya pamba aliyokuwa amebeba.

Hospitali walimfunga plasta wakasema miezi minne. Bohari wakasema miwili, baada ya hapo pikipiki anapewa mtu mwingine. Générose alilia siku nzima. Mimi ndiye niliyemtaja Hakizimana.

Hakizimana ana kibanda nyuma ya magaraji. Kazi yake ni kunyoosha rimu za baiskeli na pikipiki. Anaizungusha rimu mbele ya jicho moja, anakaza spoki, anasikiliza. Watu waliovunjika huwanyoosha vilevile. Ujanani alikuwa utingo wa malori ya Mombasa, na Kiswahili chake alikiokota barabarani. Alikuja nyumbani, akaikata plasta kwa msumeno wa chuma, akaomba vitu viwili tu: kuku wa nyumba hii na tyubu iliyopasuka ya pikipiki ileile.

Générose hakuweza kutazama, alitoka. Léonce alizimia mfupa ulipovutwa. Nikabaki mimi. Hakizimana alimshika mtetea wetu mweupe akamvunja mguu wa kushoto kwa vidole viwili, mahali palepale, mara mbili. Kuku hakulia. Akamfunga kijiti kwa ukanda wa tyubu, akapiga fundo lenye masikio matatu, halafu akamfunga mdogo wangu vivyo hivyo.

"Sikia, dada," aliniambia kwa sauti ya chini. "Ajali ya huyu haiko imekwisha. Iliingia nusu tu. Nusu ile ingine nimeiweka mu kuku. Mguu, kifua, shingo, yote iko mule ndani. Siku Léonce atatembea bila fimbo, mupeleke kuku pale alianguka, mumuachilie, aende nayo."

Nikamuuliza, je, tukimchinja?

"Hii kuku hapana kula. Mwenye atakula, atakula ajali."

Nikamwambia nimeelewa. Nilikuwa nimeelewa vizuri kabisa, na sikumwambia mtu.

Wakapona pamoja, mtu na kuku. Siku kuku alipokanyaga chini, Léonce naye alikanyaga. Kuku akichechemea uani, Léonce alichechemea chumbani, na nilipomfukuza yule mtetea kwenye unga, mdogo wangu alishtuka kitandani. Générose aliona ajabu hiyo, akaicheka. Alisema huyu kuku ameanza kufanana na mume wake, hata kwa uvivu.

Jumapili ya wiki ya tano, baada ya misa, akaja Melchior. Ndiye aliyesimamia ndoa yao, na kule bohari alikuwa mkubwa mwenye ofisi. Alileta pombe ya mtama, akakaa kando ya mgonjwa, na sote tulijua kwamba akiondoka ameridhika, pikipiki itamsubiri Léonce. Jikoni kulikuwa na maharage na ndizi. Mgeni kama huyo humpi maharage. Générose alitazama uani, akaniuliza kwa kunong'ona kama yule mtetea hatoshi.

Hapo ndipo ningesema. Maneno yalikuwa mdomoni. Lakini asubuhi ile ile nilimsikia akimwambia jirani kwamba chumba changu kingefaa sana watoto, basi tu sina pa kwenda.

"Kisu kiko wapi?" nikamuuliza.

Nilimchinja mwenyewe, nikampika mwenyewe, nikapakua mwenyewe. Kidari chote nilimpa Melchior. Générose nilimpa paja la kushoto na mguu wake, ule wenye uvimbe mfupa ulipounga. Aliung'ata mpaka ukawa mweupe, akasema leo wifi umepika. Léonce alikuwa na homa, alikunywa uji. Mimi nilikula jikoni, kilichobaki. Ule ukanda wa tyubu niliutupa chooni, nikasikia ulipotua.

Melchior aliondoka akiwa ameridhika. Wiki ya nane Léonce akapanda pikipiki. Safari hii alivaa helmeti kichwani, akafunga mkanda chini ya kidevu, akawasha taa mchana. Hapo mbele ya lango letu kuna shimo. Alilipita taratibu tu.

Jikoni, Générose alipiga ukelele akaanguka.

Mguu wa kushoto. Haukuwa na jeraha wala uvimbe. Kabla hajainuka akalia tena, na tena, na kila alipolia nilijua Léonce yuko wapi, maana barabara ile naijua shimo kwa shimo. Mchana watu wa bohari walileta habari kwamba Melchior ameanguka kutoka kwenye kiti ofisini, ameshika kifua. Nami shingo ilinikaza siku hiyo. Nililaumu mto.

Jioni Générose alimweleza mumewe. Alimhesabia mashimo yote aliyopita, moja moja, na mahali aliposhika breki kwa nguvu. Léonce alilia kama mtoto, akamwapia kwamba hatamuumiza tena.

Na kweli, kwa miezi mitatu alikuwa kama mtu aliyebeba trei ya mayai. Kona aliikata kwa mwendo wa miguu. Kila asubuhi alipima upepo wa matairi, akajaribu breki, akafuta kioo. Mchanga akiuona, anashuka na kusukuma. Baiskeli zilizobeba ndizi zilimpita, madereva wakamtania kwamba amebeba sakramenti. Kule bohari wakamfanya mfano kwa wenzake: tazameni Léonce, ajali imemfundisha. Hawakujua kwamba nyumbani kuna mguu mmoja chini ya blanketi unaosikiliza barabara yote.

Mimi niliona raha. Sitaficha. Aliyeniita mgeni sasa aliniomba maji.

Lakini kumwogopea mtu mwingine kunachosha, na Léonce mwenyewe hakuumia popote. Siku moja Générose alimwambia aache pikipiki kabisa, atafute kazi ya kukaa. Alifunga mkanda wa helmeti vizuri, akaenda kazini. Kurudi kwetu kuna njia mbili, ya lami, na ile ya mawe inayopita nyuma ya maghala. Jioni ile alipita kwa mawe.

Alipoingia, Générose alikuwa ameng'ata blanketi ili majirani wasimsikie. Léonce alitundika helmeti kwenye msumari. Akamwinamia.

"Umesikia?" akamuuliza polepole.

Nilikuwa mlangoni, nimeshika shingo yangu kwa mikono miwili.

Tangu hapo chumvi ikizidi, mawe. Shati lisiponyooshwa, mawe. Mkewe akikaa kimya sana, mawe. Alimrudia kila mara akiwa mpole, kofia kichwani, taa inawaka, na barabarani kila mtu aliendelea kumsifu. Nilimsihi aache. Aliniambia nyumba ni yake. Halafu akaanza kuwa na udadisi. Alitaka kujua mwili wake unaweza kukutana na nini bila kuumia. Aligonga ukuta wa lango makusudi, akacheka. Mimi, kwa shingo ile, sikula siku mbili.

Desemba, Jumanne, saa nne asubuhi, akaanguka pale pale Sonatubes.

Waliokuwepo wanasema pikipiki iliruka. Yeye akabingirika hadi ng'ambo, akasimama, akajikung'uta vumbi. Helmeti haikuwa na mkwaruzo.

Saa hiyo hiyo Melchior alifia mezani kwake. Mbavu zake, walisema walioosha maiti, zilikuwa kama za mtu aliyekanyagwa na gari.

Saa hiyo hiyo nilikuwa nampa Générose chai. Amelala. Blanketi halikutikisika. Nilisikia mfupa. Mara moja. Akanitazama. Mara ya pili.

Nilifunua blanketi. Chini ya goti, juu ya ngozi, palikuwa na ukanda wa tyubu. Fundo la masikio matatu. Ulikuwa umelowa, na ulinuka choo.

Hospitali waliukata mguu juu ya goti. Kwa siku tisa mimi sikuweza kugeuza kichwa. Siku ya kumi nikaenda kwa Hakizimana, nikamwambia tulimla kuku. Hakushangaa. Alikuwa anazungusha rimu.

"Mguu imekwisha pata yake," alisema. "Kifua imekwisha pata yake." Akaisimamisha rimu kwa kidole. "Shingo alikula nani?"

"Mbwa," nikasema.

Aliitazama kola ya gauni langu kwa muda mrefu. Kisha akaizungusha rimu tena.

"Basi mwambie Léonce aende polepole. Ni huruma kwa mbwa."

Kuanzia hapo nikawa dada ambaye Gikondo nzima inamsifia. Kabla ya jua niko uani na taa. Naminya breki, nakaza nyaya, napaka mnyororo mafuta, natazama matairi yasiwe na msumari. Namfunga mdogo wangu mkanda wa helmeti kwa mikono yangu, chini ya kidevu. Namwambia pita kwa lami. Namwambia kona uikate taratibu, mchanga ukiuona shuka. Majirani wanasema hakuna mke anayependa hivyo.

Générose alirudi na magongo yake. Hasikii kitu tena, hata Léonce apite wapi. Amenenepa kidogo. Anakaa kizingitini asubuhi, magongo kando, ananitazama nikihangaika na ile pikipiki. Ikawa hivyo kwa wiki mbili.

Juzi jioni alikuwa anachambua maharage. Aliniambia, bila kuinua macho:

"Wifi, siku ile ya Melchior, shingo sikuiona mezani."

Nilijibu kwamba sikumbuki. Akaendelea kuchambua. Kiganja kimoja, kijiwe kimoja pembeni. Kiganja kingine, kijiwe kingine.

Jana asubuhi, nilipomaliza kumfunga Léonce mkanda, Générose alimwita mumewe. Alimvuta kwa upole, akamfungua ule mkanda, akamnyoosha nywele. Akamwambia anapendeza bila hiyo kofia. Akamwambia atachelewa, aende mbio, tena apite kwa mawe, ni karibu. Léonce alinitazama, akamtazama mkewe, akatabasamu. Nililala na mawe yote shingoni.

Leo sikuamka na jua. Sijui kwa nini, mimi si mtu wa kulala. Niliamshwa na kitu chepesi, baridi, kooni. Nikakishika. Kilikuwa kimelowa. Nilihesabu kwa vidole, gizani, dirisha likiwa bado limefungwa.

Sikio moja. Mawili. Matatu.

Nilijaribu kukifungua, fundo halilegei. Nimechukua kisu kile kile, hakikati.

Uani pikipiki haipo. Kwenye saruji kuna doa la mafuta ya breki, bado bichi. Helmeti nyekundu iko kwenye msumari wake. Générose amekaa kizingitini, magongo mapajani, uso ameuelekeza Sonatubes kama mtu anayengoja habari.

Nilimuuliza Léonce amepita njia gani. Aliniambia nikae karibu naye, nisikilize.

Leo ni Jumanne. Saa nne bado dakika kumi.