Mlio Kabla ya Daraja la Magogo

Kilomita themanini kutoka Kisangani, mvua ilipokwisha kuichapa njia ya Banalia mpaka ikawa uji, jeep ilianza tena kulia mbele: ko-ko-ko. Papa Wenceslas alikuwa ameapa tangu asubuhi kwamba ni masufuria waliyobeba nyuma yanayogongana. Alikuwa ameyavisha yote vitenge vya mkewe, moja moja, kama watoto wanaopelekwa kubatizwa. Ko-ko-ko.

"Papa, masufuria yako imefufuka," akasema binti yao Chimène.

Mkewe Simone, aliyeshika usukani, alicheka mpaka akakosa kuona vizuri. Kwenye kona, mti ulikuwa umelala njiani. Wenceslas alishuka na panga, akakata matawi, akaanza shina. Gome lilikuwa limelowa. Panga likateleza, likaingia kwenye muundi wake.

Alikaa kwenye matope bila kusema kitu. Hapo ndipo Simone alipoogopa, maana mtu yule hulia mtaa mzima usikie akiumwa na siafu mmoja. Akavua kitenge kwenye sufuria kubwa, akafunga jeraha kwa nguvu, akamlaza nyuma, mguu juu ya begi.

"Tuko na mayi?"

"Chupa moja," akajibu Chimène.

"Anywe yeye. Kidogo kidogo."

Simu haikushika mtandao. Kituo cha afya kilikuwa Banalia, karibu kilomita hamsini. Simone akaupanda mti uliobaki, magurudumu mawili ya mbele kwa pamoja, pu! Wakavuka, wakaendelea. Lakini mlio ulizidi. Kila kishimo cha upande wa kuume, ko-ko-ko, mpaka usukani ukatetemeka mikononi. Kisha daraja likatokea: magogo manne, na chini yake mto wa maji mekundu umejaa hasira.

Simone akazima injini. Fundi wa Kisangani alikuwa amemwonya: kama ni rotule, kile kifundo kinachoshika gurudumu, siku moja gurudumu litalala pembeni. Likilala juu ya magogo yale, wote watatu wangekwenda na maji. Na wakibaki pale, kitenge cha mguuni kilikuwa kimeanza kulowa damu.

Ndipo akatokea Feruzi, mtu wa Maniema, akisukuma baiskeli yenye bidoni nne za mafuta ya mawese.

"Jambo mama. Jeep imechoka?"

"Iko inalia mbele, tonton. Niko naogopa rotule. Na bwana yangu amejikata."

Feruzi alichungulia mguu, akaguna. "Na baiskeli yangu atafika kesho. Muko na kriki?"

Kriki, ile jeki ya gari, ikazama kwenye matope. Wakaiwekea kipande cha gogo, gurudumu likainuka. Feruzi akalishika juu na chini, akalitikisa kwa nguvu zake zote. Halikucheza hata kidogo.

"Rotule iko muzuri. Alors, ni nini inalia?"

Nyuma, macho ya Wenceslas yalikuwa yanajifumba. Simone akakimbilia dirisha, asimwache alale. "Papa Chimène! Kitendawili!"

"Tega..."

"Ana tumbo mukubwa, asubui anameza watu, ng'ambo anawatapika."

"Pirogue, mutumbwi. Hiyo ya watoto, Mama Chimène."

"Bon, ingine." Lakini hakuwa nacho kingine. Akafungua mdomo, likatoka lililomjaa kichwani: "Mapacha mbili. Mumoja akianguka, kuna mutu katikati yao analia. Wakianguka wote pamoja, ananyamaza."

Akageuka kutazama magurudumu. Ule mti! Magurudumu mawili yaliupanda pamoja, na jeep haikulia. Ilikuwa inalia tu gurudumu moja likishuka peke yake.

"Si gurudumu!" akapiga kelele. "Ni ile chuma inaunganisha yote mbili!"

"Umeniuliza, umejibu mwenyewe," akalalamika Wenceslas. "Huo ni wizi."

Wakashusha kriki, Simone akalala chini ya jeep, gauni lake la Jumapili likinywa matope. Chimène akaisukuma jeep juu na chini, upande wa kuume tu. Simone akapapasa mpaka akakifikia kijiti cha chuma kinachoshika ile nondo ya katikati. Kikamgonga kiganjani, tak, tak, kama mtoto anayepiga teke tumboni. Mpira wake ulikuwa umekwisha, chuma kinapiga chuma.

"Hata ikikatika, gurudumu haiende popote," akasema Feruzi. "Lakini tuifunge, isiwapigie makelele."

Akafungua ule utepe wa mpira wa ndani wa baiskeli uliofunga bidoni zake, akauzungusha kwenye kijiti, akivuta kwa meno. Bidoni mbili zisizo na kamba zikapanda jeep, zikakaa katikati ya masufuria, angezichukua Banalia.

Simone akapanda magogo polepole, mdomo wazi. Maji yalinguruma chini. Jeep haikusema neno.

Jua lilikuwa bado juu walipoingia Banalia. Muuguzi alishona nyuzi kumi na moja, kisha akagonga unyayo wa Wenceslas.

"Papa, tikisa vidole."

Kidole gumba kikainama. Cha pili kikafuata, kisha vyote vikacheza kama watoto wanaotoka darasani. Simone, mweusi kwa grisi mpaka viwiko, akaketi pale pale sakafuni akacheka na machozi yakimtoka.

"Mama, wewe ni nani?" akauliza muuguzi. "Dereva?"

"Fundi," akasema Wenceslas. "Bibi yangu ni fundi."