Video ya Sebuleni

"Daktari Ngassa, naomba niione hiyo video kwa macho yangu."

"Ya nini, Asmahani? Si unajua ulichokuwa unafanya?"

"Sijui. Ndiyo maana naomba."

Daktari Ngassa, mkuu wa wodi ya upasuaji, alimsukumia simu juu ya meza bila kumtazama. Asmahani akajiona amevaa sare zake za bluu za chumba cha upasuaji, rimoti ya gemu mkononi, anakata kona na gari huku anacheka. Chini ya video namba ngeni ilikuwa imeandika: *"Daktari wenu wa zamu huyo. Wagonjwa wanalia wodini, yeye yuko kwenye gemu."*

"Sijawahi kuficha kwamba nacheza," alisema. "Yule mtaalamu aliyekuja kutufundisha ndiye aliyenishauri, na wewe ulikuwepo."

Ngassa alikuwepo kweli. Walikuwa wanajifunza upasuaji wa matundu, ule ambao mgonjwa hapasuliwi tumbo zima. Daktari anapitisha kamera na vyuma virefu kwenye matundu madogo, macho yanatazama skrini, mikono inafanya kazi isiyoiona. Mwanzoni mkono wa kushoto wa Asmahani ulikuwa unakwenda kombo hadi wenzake wanacheka. Mtaalamu akamwambia atafute gemu, mikono izoee kufuata skrini, na asiache mazoezi ya hospitali. Akashika yote mawili. Kwenye majaribio aliwaacha wote nyuma. Nafasi ya kwenda kusomea kazi hiyo Dar es Salaam ilikuwa moja, na kila mtu alijua ni yake.

"Kucheza hakunisumbui," alisema Ngassa. "Kucheza zamuni ndiko kunanisumbua."

Asmahani aliirudisha video mwanzo. Pembeni ya kochi aliona mto wa maua ya zambarau. Mama mkwe wake ndiye aliyeutarizi, akawapa siku ya harusi.

"Daktari, hapa si hospitali." Alimwonyesha ule mto. "Hapa ni sebuleni kwangu, Ipuli."

"Nani amekurekodi?"

Aliitazama tena. Video ilichukuliwa kutoka mlango wa chumba cha kulala, na nyumba ile ilikuwa na watu wawili tu.

"Umevaa sare, nitajuaje hukutoroka zamu? Aliyerekodi aje mwenyewe aniambie," alisema Ngassa. "Ijumaa mchana napeleka jina. Asipokuja, anakwenda mwenzako Tobias, aliyekufuata kwenye majaribio."

Mumewe, Adinani, alikuwa amerudi nyumbani kula, ametoka kwenye duka lake la spea za pikipiki. Alipomwona mkewe mlangoni akatabasamu.

"Mapema leo, mke wangu."

"Adinani, video umepiga wewe?"

"Video gani?"

"Usiniulize video gani."

Aliisukuma sahani pembeni. Akajifuta mikono.

"Nilitaka wakuonye tu," alisema. "Sikujua yatafika huko."

"Gemu umeninunulia wewe! Umekaa hapa ukacheza na mimi, unanishangilia! Ulikuwa unanishangilia nini?"

"Nilidhani ni mazoezi. Sikujua ni safari." Sauti yake ikapanda. "Wewe ukishafika Dar utarudi Tabora kufanya nini? Utarudi kwa muuza spea? Kila siku Dar, Dar. Mtoto tutamzaa lini?"

"Ungeniambia unaogopa."

"Ningekwambia, ungebaki?"

"Sijui. Lakini ningejua nimelala na nani."

Alimwomba waende wote kwa Ngassa jioni ile ile. Adinani akatikisa kichwa.

"Nikasimame mbele ya watu niseme nimemchongea mke wangu? Mji huu? Baba yangu amezikwa hapa, babu yangu amezikwa hapa, jina letu halijawahi kutajwa kwa ubaya."

"Langu je?"

Adinani alivaa kofia yake, akaenda dukani.

Asmahani alipanda treni kwenda kwao Kaliua. Njiani simu ilikuwa inaita, haipokei. Meseji zikaingia.

*"Asma rudi tuyamalize."*

*"Nakupenda, Mungu anajua."*

Akajibu moja tu: *"Ngassa naye anajua?"*

Ijumaa, mchana ukikaribia, Adinani alifika Kaliua na mama yake, Bi Tunu. Mzee Yahaya, baba yake Asmahani, aliwakaribisha kwenye mkeka.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mwanangu. Sema lililokuleta."

"Nimemkosea mke wangu, baba. Nimekuja kuomba msamaha. Naomba anifuate nyumbani."

Mzee Yahaya akamgeukia binti yake. "Umesikia?"

"Nimesikia, baba. Mimi sitaki kupigiwa magoti. Ampigie Daktari Ngassa simu, sasa hivi, aseme video ameipiga yeye, nyumbani, nikiwa nimetoka zamu. Akimaliza, narudi naye leo."

"Asma, hayo ni mambo ya ndani," alisema Adinani.

"Umeyatoa nje wewe."

"Mwanangu, piga," alisema Bi Tunu. Macho yalikuwa yamemjaa machozi. "Neno moja tu. Aibu itapita."

Asmahani aliibonyeza namba, akaweka sauti ya nje, akampa mumewe simu. Iliita. Adinani aliishika kama kitu cha moto.

"Haloo?" ilisikika sauti ya Ngassa. "Haloo, Asmahani? Nakusikiliza."

Adinani alifungua mdomo. Alimtazama mama yake, akamtazama baba mkwe. Jasho lilimtoka puani.

"Haloo? Nani mwenzangu?"

Akakata, akamrudishia mkewe simu.

Bi Tunu alijifunika uso kwa mtandio. Asmahani alimsubiri mumewe aombe tena ile simu. Hakuiomba.

"Basi niache," alisema taratibu.

"Unavunja ndoa kwa ajili ya gemu?"

"Usilisingizie gemu, Adinani. Niache."

Adinani alisimama, akatazama ukutani, sauti ikamtoka bila kukwama hata kidogo:

"Asmahani binti Yahaya, nimekupa talaka."

Bi Tunu aliangua kilio. Mzee Yahaya akainamisha kichwa.

Simu ya Asmahani ikalia. Meseji ya Ngassa: *"Umenipigia, sikusikia kitu, ukakata. Muda umeisha. Nimepeleka jina la Tobias. Jumatatu uwahi, utamshikia kamera."*

Aliisoma, akaizima simu. Kisha akaenda jikoni, akapakua wali, akamtengea yule mama chakula chake, kwa sababu alikuwa ametoka mbali na hakuwa na kosa. Adinani alikuwa ameshatoka nje, anaulizia treni ya kurudi.